Wodi Iliyo Ndani ya Paka

Mgonjwa alikuwa nani katika chumba kile? Baadaye Mourine aliulizwa swali hilo na watu kadhaa, na kila mara alianza kwa kusimulia habari za paka, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa limeanza kwa utaratibu wa kawaida kabisa.

Katika kliniki ndogo ya mifugo huko Rangwe, kando ya barabara ya Homa Bay, paka wa Sainab alikuwa amelazwa chali mezani, tumbo limenyolewa, dawa ya usingizi imemkolea. Alikuwa na uvimbe kwenye ovari. Sainab, muuza vitambaa wa mjini, alikuwa amesikia kwamba Daktari Ombui ana mashine ya kupasua kwa matundu madogo, mnyama asichanwe tumbo zima, akaomba kusimama nyuma ya kioo ili ajionee. Mourine, mwanafunzi wa udaktari wa mifugo aliyekuwa hapo kwa mafunzo ya vitendo, ndiye aliyeshika kamera.

Yalitobolewa matundu matatu, kila moja kama punje ya hindi. Tumbo likapulizwa hewa ili viungo viachane, kisha kamera, nyembamba kama mrija wa soda na yenye taa nchani, ikaingia. Kwenye skrini lilionekana ini, likafuata bandama, na baada ya bandama dirisha lenye nondo na pazia la kijani, na safu ya vitanda vya chuma vilivyolaliwa na wanawake wawili wawili.

"Rudi nyuma kidogo, daktari mdogo," Ombui alisema. "Ovari iko kushoto kwa hicho kitanda."

Mourine alirudi nyuma. Alikuwa amekisoma kitabu cha anatomia ya paka tangu mwanzo hadi mwisho na hakukumbuka kitanda chochote. Aliuliza kama sehemu hiyo hufundishwa mwaka wa nne. Ombui alijibu kwamba yeye alisoma zamani, na mitaala haikosi kubadilika.

Ndipo Mourine alipoitambua leso ya manjano. Aliyejifunga leso hiyo alikuwa Roseline, mdogo wa mama yake, aliyemlea huko Lambwe. Roseline alikuwa amelazwa hospitali kubwa tangu msimu wa mvua, naye akiwa na uvimbe kwenye ovari. Mara ya kwanza alishinda na njaa akisubiri kupasuliwa, umeme ukakatika. Mara ya pili alishinda na njaa tena, daktari wa usingizi akahamishiwa Migori. Tangu hapo hakuitwa. Tumbo lilikuwa limeumuka hata wageni wa wagonjwa wengine wakampongeza kwa ujauzito, na daktari aliyepita wodini alikuwa amesema, bila kusimama, kwamba uvimbe huo ukipasuka mama hatamaliza siku.

Simu ya Mourine ililia. Kwa kuwa mikono yake ilikuwa ndani ya glavu, Sainab aliingia, akaifungua sauti na kumshikia.

"Nyara, mwanangu, hiyo taa huku juu ni yenu?" Roseline aliuliza.

"Ni yetu, mama."

"Inanichoma macho. Isogezeni."

Mourine aliisogeza. Huko wodini simu ikachukuliwa na Sista Dorah, muuguzi wa zamu, aliyesema wenye taa wasiirudishe walikoitoa, maana balbu ya upande iliposogezwa iliungua kitambo naye alikuwa akitafuta mshipa wa mgonjwa kwa kupapasa. Mourine aliituliza kamera hadi sindano ikaingia. Sista alishukuru, akaomba waelekee kitanda kinachofuata.

Sainab alieleza kwamba paka huyo alimwokota angali mchanga, chini ya kitanda katika wodi hiyo hiyo, siku alipokwenda kumjulia hali shemeji yake. Pengine aliondoka na mahali pote. Ombui alisema hiyo inaeleza kiasi.

Mourine aliuliza kama koleo refu la upasuaji lingeweza kumfikia mama mdogo. Ombui alilipima kwa macho, akakiri kwamba lingefika.

"Lakini mimi nimesomea wanyama," alisema. "Nikimpasua mtu, nafungwa."

"Si yuko ndani ya mnyama?" Sainab aliuliza.

"Nimewahi kutoa msumari ndani ya ng'ombe, Mama. Haukuwa ng'ombe."

Mourine aliyatafakari maneno hayo. Kila sentensi, ukiichukua peke yake, ilikuwa sahihi. Sheria alikuwa ameisoma na akaipenda, kwa kuwa iliwalinda watu dhidi ya wasiojua. Hakuelewa ni vipi sentensi sahihi zilizopangwa vizuri hivyo zilimwacha mama mdogo palepale.

Uvimbe wa paka ulionekana chini ya kitanda cha Roseline, mkubwa kama limau, umejificha nyuma ya mguu wa kitanda ambako koleo halikuweza kupinda. Roseline, aliyekuwa akisikiliza kwenye simu, alitaka kuinama auchukue. Wenzake walimkataza. Mwanamke wa kitanda cha pili aliteremka akiwa na mfuko wa mkojo mkononi, akachukua fagio, akausukuma hadi penye mwanga. Ombui aliudaka kwa koleo, akaufunga mshipa wake, akaukata, akautoa vipande vipande. Halikumwagika hata tone la damu. Wanawake walikuwa wameinua shingo wakitazama, na mmoja alisema ni kazi safi.

"Paka amepona?" Roseline aliuliza.

"Amepona, mama."

"Atatoka lini?"

"Leo jioni."

 Kwenye skrini Roseline alikuwa akiivuta leso juu ya tumbo, na leso haikutosha.

"Vizuri," alisema. "Asipewe chakula kigumu. Sisi tupo."

Kabla simu haijakatwa, Mourine alimuuliza Sista Dorah kama kuna siku iliyopangwa. Sista alisema chumba cha upasuaji kipo na daktari wa upasuaji yupo; daktari wa usingizi ndiye aliyekuwa akisubiriwa, na nyuzi za kushonea pia.

Paka aliamka mapema, akajilamba uso, kamera ikiwa bado tumboni, wala hakuonekana kuudhika. Ombui alishona matundu mawili, akampa Mourine sindano aitoe kamera na kushona la tatu, kama ilivyo kazi ya mwanafunzi. Uzi ulikuwa mzuri, wa rangi ya zambarau, mpya kutoka kwenye pakiti.

Mourine aliiweka sindano kwenye sinia.

"Daktari, na wewe Mama," alisema, "hili tundu silishoni. Paka atabaki hapa, taa itaendelea kuwaka, na mimi nitaishika mpaka mama mdogo aitwe."