Eme Asiambiwe

Mimi nilisema. Turubai halijafungwa hata vizuri, watu wamejaa uani, nikasema: mtoto aambiwe. Shemeji Nestory, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, akanyanyua mkono kama anayefukuza nzi.

"Mama Eme, mtoto aliye safarini haambiwi msiba. Hujui? Umezaliwa wapi wewe?"

Nimezaliwa Dareda, nikamjibu, na akili zangu ninazo. Lakini nani anamsikiliza mjane siku ya kwanza?

Mume wangu Paskasi alianguka shamba la Nangara Jumatatu asubuhi, jembe mkononi, na bajaji haijafika hospitali akawa ameshatutoka. Emerensiana, mtoto pekee tuliyejaliwa, alikuwa ughaibuni na timu ya taifa ya wanawake. Kipa. Siku moja tu kabla, Jumapili, alikuwa amepiga simu huku anapiga kelele mpaka baba yake akaiweka simu mbali na sikio.

"Baba! Kipa wa kwanza ameumia bega! Mwalimu amesema Alhamisi naanza mimi!"

Paskasi akatoka nje kumtangazia kila anayepita barabarani, hata asiowajua. Nikamwambia, we mwanamume utatuaibisha. Akacheka tu.

Ndiye aliyemfundisha kudaka, tena kwa maboga yangu. Yeye yuko chini anachuma, anarusha. Mtoto kasimama juu ya mkokoteni anapokea. Boga likianguka likapasuka, mimi nagomba mpaka majirani wanasikia. Walivyokuwa wakicheka wale wawili, jamani! Hawakuniogopa hata kidogo.

Shemeji alijua pa kutushika. "Huyu mtoto ndiye aliyekuwa fahari ya baba yake," akasema. "Mkimwambia, harudi uwanjani, anarudi nyumbani. Marehemu angependa hivyo?" Wazee wakaitikia. Na mimi hapo nikalegea, kwa sababu nilimwona Paskasi pale barabarani na kicheko chake. Ndugu wote wakaonywa wasiweke picha mtandaoni. Kisha shemeji akampigia simu meneja wa timu, akamweleza msiba wote, akamsihi mtoto asijue mpaka arudi. Meneja akasema sawa, kauli ni ya familia.

Jumanne jioni Eme akapiga. Wanawake wakanyamazishwa, mmoja akaziba mdomo kwa khanga.

"Mama, nipe Baba."

"Amelala."

"Saa hizi? Anaumwa?"

"Kachoka na palizi, mwanangu."

"Basi usimwamshe. Mwambie Alhamisi asikose. Aniangalie mikono."

Nikasema nitamwambia. Nilipokata simu nililia mpaka nikatapika.

Alhamisi mchana tulimzika Paskasi nyuma ya nyumba, kando ya mama yake. Katekista akasema, kama ilivyo desturi, "Watoto wa marehemu waje watupe udongo." Hakutoka mtu. Katekista alikuwa mgeni hapa Nangara, hakujua, akarudia kuita. Mwisho Wilbert, kijana wa shemeji, akasogea akatupa kwa niaba. Nilitamani kumshika mkono.

Jioni ile shemeji mwenyewe akatoa televisheni nje, akaiweka juu ya meza ya turubaini. Sauti akaizima, maana ni nyumba ya msiba. Tukakaa, udongo wa kaburi ungali kwenye viatu. Timu zikaingia. Golini akasimama msichana mwenye bega lililofungwa bandeji.

"Mbona huyo siyo Eme?" akauliza jirani yangu Anjela.

"Mwanangu namjua, Anjela. Siyo."

Bao la kwanza likaingia. La pili. Kamera ikapita kwenye benchi na mimi nikamwona: Eme wangu, amekaa wa mwisho, anawapigia makofi wenzake, anawahimiza, anatabasamu. Loo, lile tabasamu! Msalaba wa baba yake ulikuwa haujakauka rangi. Walifungwa matano. Mzee mmoja akasema timu bado changa, itajifunza, na nusura nimrushie kikombe.

Jumamosi Eme akashuka stendi ya Babati. Shemeji akampokea, akamwambia baba yako anaumwa kidogo. Turubai tulishalishusha. Akawekewa chakula, kwa sababu kwetu mtu hapewi habari ya msiba akiwa na njaa. Akala harakaharaka huku macho yakiwa mlangoni. Pembeni yake kulikuwa na glavu zake mpya, wachezaji wote wamezitia sahihi. Za Baba, akasema.

Ndipo shemeji akamwambia.

Kile kilio sitaki kukisimulia. Alipopata pumzi akauliza, "Mmemzika lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi." Akazivuta glavu mapajani. "Alhamisi asubuhi mwalimu aliniita akasema sianzi, kipa wa kwanza atachomwa sindano acheze na maumivu yake. Nikamwuliza nimekosa nini. Akasema hujakosa kitu, mwanangu, mimi ndiye siwezi. Hakuniangalia usoni." Akamgeukia shemeji. "Baba mkubwa, mwalimu alikuwa anajua?"

Shemeji Nestory, mtu wa maneno mengi, akaangalia sakafu. "Nilimwambia meneja tu," akasema. "Akufiche, ili ucheze."

Nikajua sasa nitamtetea mwanangu, nitamtukana shemeji mbele ya wazee, liwalo na liwe. Nikainuka.

Lakini Eme hakuwa anamtazama shemeji tena. Alikuwa ananitazama mimi, glavu zikiwa mapajani.

"Mama," akasema. "Mimi nilipiga simu. Wewe ukasema amelala."