Sahani Nne Kubwa

Uchovu uko wa aina mbili. Kuna ule wa kulala ukaamka umeisha, na kuna ule wa Kocha. Miaka ishirini na mbili alikuwa akifundisha watu kunyanyua vyuma katika ua mmoja ulioezekwa bati nusu na nusu ukaachwa wazi, akipiga kelele "Mgongo sawa! Visigino chini!" mpaka sauti ikabaki ya kukwaruza. Magoti yake yalikuwa yamekwisha. Wanafunzi walikuwa wamehamia zile kumbi za vioo na feni, ambako mtu hujipiga picha kwanza ndipo atoe jasho. Basi asubuhi hiyo alimwita mnunuzi wa chuma chakavu aje abebe kila kitu, naye akapumzike kama binadamu wengine.

Mnunuzi alikuja na mkokoteni, mizani ya kuning'iniza na maneno mengi. Alianza na sahani, yale maduara ya chuma yanayovishwa huku na huku kwenye chuma kirefu anachonyanyua mtu. Ndogo zote zilisoma vilevile zilivyoandikwa: mbili na nusu, tano, kumi, kumi na tano. Alipofika kwenye zile nne kubwa, alitundika moja, akatazama, akaipangusa mizani kwa koti lake la kazi, akatazama tena.

"Kocha, hii umeandika ishirini."

"Ni ishirini."

"Mizani inasema ishirini na mbili na nusu."

"Basi mizani yako mbovu."

Mnunuzi akashika kiuno. "Mtaa huu nimeitwa mpunjaji, nimeitwa mwizi, nimeitwa majina mengine siwezi kuyataja mbele ya mtu mzima. Lakini kumwongezea mtu kilo? Hilo, Kocha, sijawahi kusingiziwa."

Wakazitundika zote nne. Zote zikasema ishirini na mbili na nusu. Kocha akaketi kwenye benchi, macho kwenye tundu la katikati ya sahani, na hapo akaiona ile pete.

Miaka mitatu nyuma alikuwa amezipata sahani hizo kwa bei ya kutupa, nzuri kabisa, ila matundu yake yalikuwa mapana kupita kiasi na zilicheza kwenye chuma. Akazipeleka kwa fundi wa kuchomelea. Fundi akazitia pete nene za chuma ndani, akafunika na vipande pande zote mbili ili zisichomoke. Zikakaa imara. Kocha alifurahi, akanunua rangi nyeupe, akaandika ishirini upya kwa mkono wake, maana ndivyo zilivyokuwa zimeandikwa tangu zamani. Kupima tena hakukumjia akilini. Pete ni pete tu, itakuwa na uzito gani?

Mtu mwingine angesema kilo mbili na nusu si kitu. Lakini ua ule ulikuwa na sheria yake, na sheria aliitunga Kocha mwenyewe: hakuna atakayepanda gari la mashindano kabla hajanyanyua sahani nne kubwa palepale uani, mbele ya wenzake. Kwa wanawake, chuma kirefu kilikuwa kilo kumi na tano. Ongeza ishirini mara nne, unapata tisini na tano, na tisini na tano ndicho kiwango kilichotakiwa kule. Hakutaka mtu wake akaaibike ugenini. Hayo ndiyo aliyokuwa akiyasema, na watu wakamsifu kwa msimamo.

Na katika wote waliosimama mbele ya sahani zile, mmoja alikuwa binti wa dada yake. Wenzake walimwita Winchi kwa jinsi alivyokuwa akiinua vitu polepole bila kelele. Tisini alikuwa anainyanyua kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kama mtu anayejitwika ndoo. Zikivishwa zile nne, chuma kinafika mabegani, miguu inatetemeka, kinarudi chini. Misimu mitatu gari la mashindano liliondoka bila yeye. Kocha alimpa mayai zaidi, akamwongezea kuchuchumaa na uzito, akampa wiki za kupumzika, akamnyang'anya wiki za kupumzika. Mwishowe alimgombeza. Miezi minne iliyopita Winchi alivua mkanda wake wa kiuno, akauweka juu ya benchi, akasema "Mjomba, mimi sina nguvu hizo," akaondoka. Mama yake, dada wa Kocha, alikuja kesho yake akasimama mlangoni. "Umemkamua mwanangu kama nguo," alisema, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena pale.

Kocha alichukua kipande cha chaki akaandika sakafuni. Kumi na tano, na ishirini na mbili na nusu mara nne. Mia moja na tano. Alikuwa akimdai mtoto wa dada yake kilo kumi zaidi ya walizotaka wenye mashindano.

Kisha akaandika hesabu ya pili, na hiyo ndiyo iliyomvunja. Tisini ya kila siku aliipanga kwa chuma kirefu, sahani mbili kubwa, mbili za kumi na tano, na mbili za mbili na nusu. Akazijumlisha kwa uzito wake wa kweli. Tisini na tano. Akafuta kwa kiganja, akajumlisha tena, ikaja ileile.

"Kuna nini?" mnunuzi akauliza. "Umekuwa mweupe kama hiyo chaki."

"Rudi siku nyingine."

"Nimekodi mkokoteni, Kocha!"

"Chukua benchi. Bure. Nenda."

Alibeba sahani moja begani na daftari la mazoezi kwapani, akashika njia ya kwenda kwa dobi ambako Winchi alikuwa akifanya kazi. Hapakuwa mbali, lakini kwa magoti yale palikuwa safari. Kila baada ya nyumba tatu alihamisha sahani bega. Kwenye kona akaitua chini, akaketi juu yake, na shetani akapata nafasi ya kuzungumza naye. Maji yamemwagika, alimwambia, na maji yakimwagika hayazoleki. Msichana ana kazi yake, ameshasahau. Ukinyamaza atakuwa mpwa wako aliyeshindwa vyuma, basi. Ukisema, huenda asikuite tena mjomba mpaka unakufa. Kocha alisikiliza hayo yote na akayaona yana akili. Lakini alikumbuka ile "sina nguvu hizo," na jinsi yeye alivyonyamaza ilipotamkwa, kwa kuwa aliamini ni kweli. Akainuka, magoti yakalia.

Duka la dobi lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye joto. Nguo zilizokunjwa zilijaa rafu mpaka darini, na mbele kulikuwa na mizani ya jukwaa, maana pale walifua kwa kilo. Winchi alikuwa peke yake nyuma ya meza, pasi mkononi. Alikuwa amepungua. Aliegemea mguu mmoja, kisha mwingine, jinsi anavyosimama mtu ambaye mgongo unamuuma na hataki kusema.

"Shikamoo, Mjomba," alisema bila kuiacha pasi.

"Marahaba. Mgongo vipi?"

"Upo."

Kocha akaiweka sahani juu ya mizani. Jukwaa likalia. Winchi akatazama kwa adabu tu, kama mteja kaleta mzigo wa ajabu. Ndipo akaona namba kwenye kioo. Akaisimamisha pasi.

"Mizani hii ilipimwa wiki iliyopita," alisema taratibu.

"Najua. Zote nne ziko hivyo. Ni zile pete za fundi. Nilipaka rangi, sikupima." Akaigusa pete kwa kidole. "Kosa ni langu. Si la fundi, si la mtu. Ni langu."

Midomo ya Winchi ilikuwa ikicheza bila sauti, naye Kocha alijua anajumlisha, kwa kuwa alimfundisha mwenyewe kupanga uzito kichwani kabla ya kugusa chuma. Alimwacha amalize. Aliona uso wake ulipofika kwenye mia moja na tano, akaona ulivyoendelea mbele.

"Tisini," alisema Winchi. "Ile tisini yangu."

"Ilikuwa tisini na tano."

"Jumatatu."

"Ndiyo."

"Jumatano na Ijumaa. Nikiwa na homa. Ile siku niliyotoka msibani." Akacheka kidogo, kicheko kikavu kisichomfurahisha mtu. "Mara ngapi?"

"Sijahesabu."

"Hesabu."

Kocha akafungua daftari juu ya rundo la mashuka. Alihesabu kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa, na mteja mmoja akaingia akachukua mashati yake akatoka kabla hajafika nusu. Mara mia tatu na kumi na mbili. Alipoitamka, Winchi alikuwa ameketi juu ya kikapu cha nguo chafu, mikono imelala mapajani.

"Unajua miezi hii minne nikilala najiambia nini? Najiambia Mungu kanipa mwili mkubwa wa bure. Mama ananiambia pumzika mwanangu, wewe si wa hizo kazi. Nami naitikia." Alijifuta uso kwa taulo ya mtu. "Nimechoka, Mjomba. Hata hasira sina. Ningekuwa nayo ningekurushia hiyo sahani."

"Ungeirusha mbali," alisema Kocha, na kidogo wacheke wote wawili. Hawakucheka. "Rudi, mama. Nitazichonga pete, nitapima kila kitu. Msimu ujao..."

"Mgongo hautaki. Daktari kasema nipumzike mwaka, labda miaka miwili. Nilizidi kuzivuta zile kilo mia na tano, si unaona?"

Aliona. Akainamisha kichwa. Majuto ni mjukuu, wanasema, na huyu wa kwake alikuwa amekuja na mizigo yake yote.

Winchi alinyoosha mkono akachukua daftari. Hakuanza mwanzo, alifungua mwisho, ile siku aliyouvua mkanda. Kocha alikumbuka alichokuwa amekiandika pale, akataka kulivuta, akachelewa. Winchi alisoma kwa sauti ule mwandiko wa Kocha uliolala upande, ambao kila mtu alikuwa akiucheka: "Ameshindwa tena. Mwili anao. Moyo hana."

Pasi ilikuwa ikitoa mvuke peke yake.

"Nipe nifute," alisema Kocha. Alikuwa ameshatoa kalamu. "Nipe, tafadhali. Niliandika kwa hasira."

"Hapana. Hiyo iache." Winchi alirudisha kurasa nyuma mpaka ule wa kwanza wenye tisini, akaliweka daftari mbele ya Kocha. "Hiyo nayo hukuipima, ikae hapohapo uione. Rekebisha hizi."

Akainuka, akashika kiuno kidogo, akarudi kwenye meza yake. Kocha akavuta kigoda. Alikata tisini ya kwanza kwa mstari mmoja, akaandika tisini na tano pembeni. Akakata ya pili. Nje watu walipita na shughuli zao. Winchi alimaliza shati moja, akachukua jingine, na kila baada ya muda aliinua macho kuona kalamu imefika wapi.

"Na mama yako?" Kocha aliuliza alipofika ya ishirini. "Nitamwambiaje?"

"Utampelekea daftari. Lakini likiwa limekamilika."

"Na wewe? Utakuja hata kukaa tu? Hata kunisaidia kuwaelekeza hao wachache waliobaki?"

Winchi aliigeuza kola ya shati, akainyoosha kwa kiganja, akaipigia pasi mpaka ikalala sawa.

"Mjomba," alisema. "Andika."