Mkalimani na Kilima cha Loi Hkam

Mwalimu Lin Mya alikuwa amefundisha Kichina kwa miaka ishirini na sita mjini Hsenpang, kaskazini mwa Myanmar, siku jeshi lilipomfuata nyumbani na kumfanya mkalimani. Hakuombwa. Ila alipopanda lori lao hakuhitaji kusukumwa, kwa kuwa mwanawe Naung alikuwa amechukuliwa jeshini kwa lazima, na sasa yeye na wenzake arobaini walikuwa wamezingirwa na waasi juu ya kilima cha Loi Hkam. Kanali Thura Soe alimwahidi kwamba akifanya kazi yake vizuri, kijana atashushwa.

Waasi walikuwa wameuteka mji tangu masika, na jeshi lilibaki kambini, ng'ambo ya mto, upande wa nyumbani kwa Lin Mya. Wageni kutoka China walikuja kupatanisha. Kabla hawajaingia, kanali alimwinamia mwalimu.

"Hawa wanatuuzia sisi ndege, na waasi kule wanapata risasi kwa hao hao. Ukiona natabasamu, mwalimu, ujue nameza shubiri."

Kiongozi wa wageni, Bwana Pei, alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya chini. Chai ya kambini hakuigusa. Alikunywa maji ya moto kutoka chupa yake mwenyewe. Alieleza kwamba waasi wangeurudisha mji Jumamosi na lango la mpaka wa China lingefunguliwa tena kesho yake. Jeshi nalo liwaachie Loi Hkam, maana bomba la gesi linapita chini yake na wageni hawataki tena mapigano hapo. Ndege isiruke karibu na bomba. Na walioko kilimani wasiambiwe mapema, wasije wakalilipua kwa hasira.

Lin Mya aliyatafsiri yote. Kisha, kwa mara ya kwanza katika kazi hiyo, akaongeza lake. Alimuuliza Bwana Pei kwa Kichina askari wa kilimani watashukaje.

Bwana Pei akamtazama. "Hilo swali ni la kanali?"

"Ni la kanali."

"Basi mwambie hayo ni mambo ya ndani ya nchi yenu. Sisi hatuingilii."

Lin Mya akamgeukia kanali, akadanganya tena. Alisema mgeni anataka kujua kanali ana mpango gani na vijana wake walioko juu. Aliona shingo ya kanali ikivimba. Akadhani huenda aibu ingefanya kile ambacho huruma haikufanya.

"Mwambie wale ni askari," kanali alisema. "Wanajua walichokwenda kufanya."

Akamwambia. Kanali na mgeni wakatia saini.

Wageni walipoondoka, Lin Mya alimkumbusha kanali ahadi yake. Kanali alikuwa akivua medali zake moja moja na kuzipanga mezani, na alionekana mzee kuliko asubuhi.

"Nilikuahidi nikiwa na kilima, mama. Unadhani mimi nimependa? Hata helikopta yangu mwenyewe naomba ruhusa kuirusha."

Lin Mya hakuruhusiwa kurudi nyumbani, siri isije ikavuja. Walimpa chumba kilichopakana na cha redio. Jumamosi, jua likiwa kali, Loi Hkam ikaanza kuita. Sauti ilisema wanapigwa pande zote, ikaomba amri, warudi nyuma au wabaki. Haikuwa sauti ya Naung. Mtu wa redio aliketi mikono mapajani, kwani aliamriwa asijibu. Lin Mya alimsihi aseme neno moja tu, "shukeni". Yule bwana akatikisa kichwa huku akilia, na mlinzi akamtoa mama nje. Kufikia adhuhuri redio ilikuwa imenyamaza.

Siku iliyofuata walimpeleka langoni kutafsiri hotuba. Malori ya matikiti maji yalikuwa yamejipanga hadi darajani, na watu wa mjini, waliokaa miezi bila mafuta wala dawa, walikuwa wakicheka kweli. Bwana Pei aliwashukuru ndugu wa pande zote. Lin Mya alitafsiri neno kwa neno.

Baadaye alimfuata Bwana Pei garini, akamwambia mwanawe alikuwa kilimani. Mgeni akasema kwa upole kwamba anasikitika, na kwamba ataulizia. Lin Mya akamtajia jina la mwanawe, kisha akaliandika hewani kwa kidole, herufi moja baada ya nyingine. Bwana Pei aliitikia kwa kichwa kila herufi. Hakutoa kalamu.