Marejeo Yaliyotupwa

Pale kwenye taasisi ya utafiti walimwita Bi Hesabu, na watani walisema hata chumvi ya mboga huipima kwa rula. Alikuwa mkutubi. Mwaka huo alipewa kazi ya kupima ni vitengo vipi vya utafiti vinavyochanganya taaluma kwelikweli, na vipi vilivyojifungia chumbani. Njia yenyewe haikuwa ngumu: unachukua orodha ya marejeo mwishoni mwa kila makala, unaangalia kila rejeo limetoka taaluma gani, kisha kompyuta inatoa alama. Kitengo kitakachoshika mkia kingefungwa.

Kilichoshika mkia kikawa cha mjomba wake, daktari wa mapafu, aliyemlea tangu mama yake afariki.

Akazitoa makala za mjomba akazipitia kwa kidole, mstari kwa mstari. Mzee alikuwa akitafiti jinsi vumbi la udongo linavyowaharibu mapafu wafinyanzi. Katika marejeo mia mbili na kumi na mawili, kompyuta ilihesabu sabini tu, yote ya udaktari. Mengine yalikuwa vitabu vya historia ya ufinyanzi, ripoti za wapima udongo, daftari za wakunga. Hayakuwamo kwenye hifadhidata, yakatupwa. Na nani aliyeagiza kwamba kisichokuwamo kitupwe? Yeye mwenyewe, mwaka uliopita, ili kazi iende haraka, na wakubwa wakampigia makofi. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini hili alilichuma yeye na mwenye kulila alikuwa mjomba peke yake.

Jumatatu akasimama kikaoni, akaeleza kosa lake lote. Akaomba wiki tatu avihesabu upya vitengo vyote kwa mkono.

Mkurugenzi akavua miwani. "Mkuu wa kitengo hicho ni nani wako?"

"Mjomba wangu."

"Sasa mama, tukikukubalia watu watasema nini?" Akamgeukia katibu. "Hayo usiyaandike."

Wakapiga kura kitengo kifungwe, mikono yote ikanyooka. Mkutubi akashikwa na hasira, kisha aibu, maana angekuwa yeye upande ule wa meza angeuliza swali lilelile.

Akaenda kwa mjomba mwenyewe, asije akasikia kwa watu. Akamkuta akifuta mashine ya kupimia pumzi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso umekushuka?"

Akamwambia yote, na kwamba kanuni ile ya kutupa aliiweka yeye mwenyewe. Mzee akakiweka kitambaa mezani.

"Najua hukukusudia," akasema. "Lakini wafinyanzi wanakuja kupimwa tarehe tano. Wengine wanatembea tangu alfajiri. Nani atawaambia wasije?"

"Nitawaambia mimi, mjomba."

"Basi waambie na sababu."