Mota Nyuma ya Wavu

Mota mpya ya pampu ilikuwa hatua ishirini kutoka mezani kwangu. Niliiona kila siku kupitia wavu wa stoo, ndani ya boksi lake, haijaguswa. Tangu mota ya zamani iungue, wodi ya wazazi hospitalini haikuwa na tone la maji, na binti yangu alikuwa amelazwa humo, siku zake zimetimia. Na fundi wa pampu wa serikali ni mimi.

Fomu ya kutoa kifaa inataka sahihi tatu: ya mwombaji, ya mkuu wa kitengo na ya mtunza stoo. Mkuu wetu alihamishwa miezi minne iliyopita, hakuletwa mwingine, lakini fomu ziliendelea kupelekwa mezani kwake kama vile yuko chooni atarudi. Nilimwomba mtunza stoo afumbe macho mara moja tu. Alikataa. Aliyemtangulia alifumba macho, akafukuzwa kazi, na yeye ana watoto wanasoma. Nilimwelewa, ila nilitamani kumkaba.

Nilipiga simu makao makuu siku tatu, nikazungushwa mpaka kichwa kikauma. Siku ya nne ikaja barua kwamba kaimu mkuu wa kitengo ameteuliwa. Kaimu mwenyewe ni mimi.

Nikakimbilia stoo, nikasaini penye mwombaji, nikasaini penye mkuu. Mtunza stoo alivaa miwani, akasoma, akanirudishia fomu.

“Mzee, huwezi kuomba halafu ukajiidhinishia mwenyewe.”

“Fundi ni mimi peke yangu. Aombe nani?”

“Mwajiriwa yeyote. Kanuni haisemi lazima awe fundi.”

Aliyekuwa karibu ni mama anayepiga deki. Aliegemeza fagio ukutani, akakausha mikono, akauliza asaini wapi. Kwa hiyo kwenye kumbukumbu za serikali, aliyegundua kwamba ile pampu inahitaji mota ni yeye.

Nilikuwa bado nakaza nati mke wangu aliponipigia simu kwamba tumepata mjukuu wa kike. Maji yalifika wodini saa moja baadaye. Mtoto alikuwa ameshaogeshwa kwa ndoo ambayo bibi yake aliibeba kutoka nyumbani.

Binti yangu alisikia bomba likitiririka, akanigeukia.

“Baba, hiyo mota ilikuwa wapi siku zote hizi?”

Nikamwambia ilikuwa mbali sana.