Maji ya Pasi

Katika kiwanda cha mashati, chupa za maji safi zilipangwa chini ya meza ya kupigia pasi, na zote zilikuwa za pasi. Pasi ya mvuke haitaki maji ya bomba. Ikiyanywa hutema kutu kwenye kola. Wafanyakazi nao walikatazwa kunywa hadi kengele ya jioni, kwa sababu anayekunywa maji huomba ruhusa ya kwenda chooni. Wiki hiyo mabati yalikuwa yakilia kwa joto. Redio ikawashauri watu wakae kivulini na wanywe maji mara kwa mara, na msimamizi akaizima.

Mpiga pasi aliyeyuka mchana, baada ya saa sita. Alianzia miguuni, akaomba radhi, kisha akamalizikia sakafuni, gauni likielea juu. Wifi yake, aliyekuwa akishona vifungo meza ya pili, aliweka shati kando, akachukua beseni na kitambaa, akamkusanya. Alimkusanya vizuri hadi uvunguni, maana kaka yake angeuliza.

Jioni joto lilipopungua, mpiga pasi akaganda polepole kama mafuta ya nazi, akainuka na kuvaa gauni lake.

"Sijaacha kitu?"

"Mdomo umerudi wote, wifi. Hilo nina hakika nalo."

Msimamizi hakulipuuza jambo hilo. Kesho yake alileta ndoo yenye mfuniko, akaonya kwamba mtu asiyeyuke karibu na vitambaa vyeupe.

Mpiga pasi akawa anayeyuka kila mchana, na kila jioni akainuka mfupi zaidi. Kwanza gauni likaanza kuburuta. Kisha binti yake wa darasa la tano akawa anamtazama usawa wa macho, halafu akawa anamshushia sufuria kutoka rafu ya juu. Binti akaanza kuzungumza naye taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto. Hilo lilimuuma mpiga pasi kuliko kuyeyuka kwenyewe.

"Wifi, unanimwaga wapi?"

"Ningetaka kukumwaga ningekumwaga siku ya harusi. Mimi nakukusanya hadi kwenye nyufa."

Siku hiyo wifi alishona vifungo huku jicho lake likiwa kwenye ndoo. Alasiri akamwona msimamizi akifunua mfuniko, akachota kikombe, akakimimina kwenye pasi.

"Bosi, huyo ni wifi yangu."

"Chupa zimeisha na mzigo unatoka kesho," msimamizi akasema. "Ni kikombe tu. Halafu hebu zitazame kola."

Wifi akazitazama. Zilikuwa zimenyooka kuliko siku zote, na hakuweza kukana. Akaomba basi mpiga pasi awe anapewa maji ya kunywa, asiyeyuke tena. Msimamizi akamwuliza, sasa pasi itatumia nini.

Malalamiko yakapelekwa juu, na huko juu hawakuchelewa. Jumatatu mpiga pasi alikuta kigoda kipya mbele ya meza yake, ili aifikie. Chupa hazikuagizwa tena. Alishukuru kwa dhati, kwa kuwa mabega yalikuwa yameanza kumuuma. Akapanda, akawasha pasi, akalaza shati la kwanza, shati la mtu mrefu. Mvuke ukapanda ukinukia mafuta yake ya nywele.

Akaligeuza upande wa pili.