Filamu ya Kichwa cha Jildou

Doa jeusi lilikuwa upande wa kulia. Wietske aliitazama filamu, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama tena. Uvimbe wa mtoto Jildou ulikuwa kushoto, nyuma ya sikio. Idara nzima ya mionzi pale hospitalini ilijua hivyo, hata mfagiaji.

Mtoto kabla hajapigwa mionzi ya kichwani, huchapishwa kwanza kichwa cha plastiki kutokana na picha zake, mfupa kwa mfupa, pua kwa pua. Ndani yake hupachikwa filamu inayogeuka nyeusi inapopigwa na mionzi, kichwa kinalazwa pale atakapolala mtoto, na mashine inakipiga vilevile itakavyompiga yeye. Filamu ikiwa nyeusi pale penye uvimbe, mwanafizikia anatia saini. Mwanafizikia wa Jildou alikuwa Wietske, na saini alishaitia jana jioni.

Jana pia doa lilitokea kulia. Alikuwa amechoka, treni ya mwisho ya kuwahi chakula cha nyumbani ilikuwa inaondoka mjini Groningen baada ya dakika kumi na mbili, akajiambia kwamba filamu kaipachika kinyume. Akaigeuza, doa likakaa kushoto, akasaini. Usingizi haukuja. Leo asubuhi alikata pembe moja ya filamu mpya iwe alama ya upande wake, ili asipate pa kujidanganyia, akairudia kazi yote. Doa likatokea kulekule.

Sjoerd, fundi wake wa miaka mingi, aliingia akitafuna mkate wa chembechembe za chokoleti.

"Umeigeuza hiyo," akasema kwa mdomo uliojaa.

"Nimekata pembe, Sjoerd. Iko sawasawa."

"Basi printa ndiyo imetoa kichwa kinyume. Acha presha, bwana. Sote tunazigeuza hizo filamu, mbona dunia haijaisha?"

"Na kama kichwa kiko sawa? Kama mpango wa mionzi, huo unaoielekeza mashine ipige wapi, ndio uliokaa kinyume?"

Sjoerd aliacha kutafuna.

"Mtoto yuko wapi?" akauliza Wietske.

"Yuko kwenye kitanda cha mashine. Nimewaacha wanamfunga barakoa ya kushikilia kichwa."

Wietske alikikwapua kichwa cha plastiki akatoka mbio. Aliogopa kama hajawahi kuogopa tangu azaliwe. Akiisimamisha mashine bure, mtoto wa miaka sita atafunguliwa, alie, afungwe upya, na yeye atachekwa mpaka astaafu. Asipoisimamisha, basi nyuma ya sikio la kulia la Jildou hapakuwa na kitu cha kuchomwa ila ubongo wa mtoto usio na ugonjwa. Aliomba achekwe.

Katika chumba cha mitambo, Gerbrich wa zamu alikuwa ameshaweka kidole kwenye kitufe. Pembeni yake Aukje, mama yake Jildou, alikuwa akimsomea mwanawe kitabu cha hadithi kwa kipaza sauti, ukurasa baada ya ukurasa, ili mtoto asijione yuko peke yake mle ndani.

"Simamisha!"

"Wee Wietske, umeingiwa na nini?"

"Toa mkono, Gerbrich! Imeshapiga?"

"Bado. Ndiyo nilikuwa nabonyeza." Gerbrich aliutoa mkono taratibu.

Wietske alimgeukia Aukje. Pumzi zilikuwa hazimtoshi.

"Mama Jildou, mwanao ana alama yoyote ya upande mmoja tu? Kovu, chochote?"

"Sikio. Sungura wetu alimng'ata, akaondoka na kipande. La kushoto. Kwani kuna nini, dada?"

Wietske alipitisha kidole kwenye sikio la kushoto la kile kichwa. Pengo lilikuwepo. Akapapasa la kulia, zima. Printa haikukosea. Gerbrich akaufungua mpango kwenye kompyuta, akausoma mstari kwa mstari, kisha akaziba mdomo kwa kiganja. Kompyuta ya kupangia mionzi ilikuwa imezipokea picha za mtoto kulia kushoto, kushoto kulia, na hakuna aliyeona.

"Mama," sauti ya Jildou ikatoka kwenye spika, "mbona umenyamaza? Huyo nyegere wa kwenye hadithi alirudi kwao?"

"Alirudi, kipenzi," akasema Aukje, na machozi yakamtoka. Gerbrich alikimbilia ndani kumfungua mtoto. Aukje alimkumbatia Wietske kwa nguvu zote. "Umeniokolea mwanangu. Mungu akulipe, dada, umeniokolea mwanangu."

Wietske angeweza kunyamaza. Alilitaka sana kumbatio lile, na aliliogopa.

"Jana niliona hivihivi," akasema. "Nikaigeuza filamu, nikasaini."

Mikono ya Aukje ilikaa mgongoni mwake kidogo, kisha ikaondoka.

"Uliigeuza kwa nini?"

"Nilidhani nimeipachika vibaya. Hutokea."

"Hutokea mara moja moja?"

"Mara nyingi," alijibu Sjoerd kutoka mlangoni, naye akajuta papo hapo.

Aukje alijifuta uso kwa mkono wa sweta. Alimtazama Sjoerd, akamtazama Wietske, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo sana.

"Na wale watoto waliotangulia? Nao mliwageuzia filamu tu?"

Wietske alivuta kiti, akaanza kuyafungua mafaili yao kwenye kompyuta, moja moja. Alikuwa na miaka minane ya kuzigeuza.